Kiti Kinachotazama Magharibi

Jua la Musoma huzama takriban dakika ishirini baada ya jua la Unguja. Saa za ukutani ni zile zile, kwa kuwa nchi nzima hufuata saa moja, ila Musoma iko mbali zaidi upande wa magharibi. Ukiacha dakika hizo, miji hii miwili inafanana kuliko inavyodhaniwa: yote huliona jua likiingia majini. Dar es Salaam hailioni. Kunduchi hailioni, wala Nyali, wala Malindi. Pwani ya bara hutazama mashariki, jua hutoka baharini watu wakiwa bado na usingizi, na jioni huzama nyuma ya minazi na mapaa ya mabati, upande ambao hakuna mgeni aliyelipia chumba ili autazame. Mji Mkongwe wa Unguja uko ubavu wa magharibi wa kisiwa. Musoma iko kwenye rasi iliyochomoza kutoka mwambao wa mashariki wa Ziwa Victoria, na inasemwa kwamba hata jina lake limetokana na omusoma, yaani ardhi iliyoingia majini. Historia za hoteli kongwe za ufukweni huanza na jina la mwanzilishi, zikafuatia idadi ya vyumba na wageni mashuhuri waliolala humo. Hapa tunaanza na jua, kwa sababu kinachokumbukwa katika makala haya ni kile ambacho historia hizo hukitaja mwishoni kwa sentensi mbili, nacho ni baa. Baa ni taasisi ya jioni. Hata sheria yetu ya vileo ya 1968 inaitambua hivyo, kwa kuitaka baa ya kawaida ifungue saa kumi jioni siku za kazi, na kati ya saa hiyo na machweo ya Musoma kuna takriban saa tatu tu.

Hoja yenyewe ni hii. Umri wa jengo hautuelezi lolote la maana kuhusu hoteli ya ufukweni. Kinachotueleza ni nani aliyekuwa na haki ya kukaa pale jua linapozama, na alilipa nini ili akae. Tukizipanga hoteli za Afrika Mashariki kwa umri, Musoma haimo hata kwenye orodha. Haina jengo la enzi ya Wajerumani lenye roshani na feni za dari, wala haina kitabu cha wageni chenye saini ya mwandishi wa Ulaya. Tukizipanga kwa haki ya kukaa, mpangilio unageuka, na vibanda vya makuti na viti vya plastiki vya mwambao wa Mara, mkoa wa Musoma, vinapanda juu ya majina ambayo watalii huyasoma kwenye vitabu vya mwongozo kabla hawajapanda ndege. Najua dai hili linaweza kuonekana kama mapenzi ya mkoa yaliyovishwa nguo za hoja. Ndiyo maana linahitaji ushahidi, na ushahidi wa kwanza uko kwenye lugha.

Kiswahili kilipoipokea hoteli ya Kizungu hakikuipokea nzima. Kiliivunja vipande vitatu na kila kipande kikapewa jina. Mtu wa Nyasho au Bweri, kata za Musoma, akikuambia amekula hotelini, ana maana ya chapati na maharage kwenye meza ya mbao, bila chumba wala kitanda. Akisema amelala gesti, amelala. Akitaka kunywa huenda baa, au huenda grosari, neno ambalo Waingereza walilitumia kwa duka la vyakula na Watanzania wakaligeuza kuwa kibanda cha bia. Wengi huliona jambo hili kuwa utani wa lugha tu, lakini ndani yake mna hukumu ya kijamii. Kwa Mzungu wa kikoloni, kula, kulala na kunywa viliwekwa chini ya paa moja kwa sababu nje ya paa hilo hakuwa na kwake. Mwenyeji ana kwake pa kulala na ana jiko. Alichokosa mjini ni mahali pa kukaa na watu wasiokuwa ndugu zake. Kwa hiyo katika vile vipande vitatu, kile ambacho mwenyeji alikihitaji kweli ni baa, na hicho ndicho kilichosambaa. Mwandishi anayehesabu vyumba anahesabu kitu ambacho wakazi wa mji hawakukitumia kamwe.

Neno la pili ni chungu zaidi. Mwaka 1888 Waingereza wa Unguja walianzisha klabu yao, English Club, ambayo jengo lake la Shangani leo ndilo hoteli ya Africa House, na roshani yake inayotazama bahari ya magharibi ndiyo baa inayotajwa kuliko zote visiwani. Mombasa nayo ikapata klabu yake 1897, karibu na Ngome ya Yesu. Neno hilo hilo, lilipovuka kwenda kwa Waafrika wa bara, likawa kilabu, na kilabu ni pale panapouzwa pombe ya kienyeji. Haikuwa bahati mbaya. Mkataba wa Saint-Germain wa Septemba 1919 ulizifunga dola za Ulaya kuzuia pombe kali za biashara zisiwafikie wenyeji wa Afrika, na Tanganyika ilipokabidhiwa Uingereza chini ya Shirikisho la Mataifa mwaka 1922, udhibiti wa vileo ulikuwa miongoni mwa masharti. Kwa sehemu kubwa ya utawala huo Mwafrika hakuruhusiwa kununua pombe kali. Aliachiwa pombe ya nafaka, na mjini alitakiwa ainywee katika vilabu vilivyotengwa, vikikaguliwa na kutozwa ushuru. Hivyo roshani ya Shangani na kibanda cha kilabu vilitokana na neno moja na kugawanywa na sheria moja. Anayesema kwamba Musoma haina historia ya aina hii anasahau kwamba sheria iliyompa Mwingereza kiti cha kutazama machweo ndiyo iliyomwambia Mjita na Mkwaya akanywee nyuma ya soko.

Hoteli nyingine za pwani hazikuwa tofauti sana. Dar es Salaam ilikuwa na Kaiserhof ya Wajerumani, iliyojengwa 1906, ambayo baadaye ikawa New Africa. Malindi ilipata Lawford's mwaka 1934, na Nyali Beach ikafunguliwa Mombasa 1946, zote zikiwategemea walowezi wa nyanda za juu za Kenya walioshuka baharini kupumzika na kuvua samaki wakubwa. Hizi zilitazama mashariki, na biashara yake ilikuwa ya mchana: mchanga, jua la utosini, mashua. Baa ilifuata tu, kama kachumbari inavyofuata wali. Inaweza kupingwa kwamba hapo nauongezea mwelekeo wa jua uzito usiostahili, kwa kuwa baa ya Nyali iliuza vinywaji vizuri tu bila machweo. Iliuza, ndiyo. Lakini iliwauzia watu waliokuwa wamekwisha kulipia chumba. Machweo yana tabia moja inayoyatofautisha na bidhaa zote za hoteli, kwamba humvuta mtu asiyelala hapo. Anatoka kazini, anakaa saa moja au mbili, anarudi nyumbani. Baa inayotazama magharibi huishi kwa wakazi wa mji hata kama mwenyewe aliijenga kwa ajili ya wageni, na mlango wake ukifungiwa wakazi, kufungwa huko kunaonekana wazi kila jioni.

Uhuru ulibadilisha wakaaji kabla haujabadilisha viti. Roshani ya New Africa na baa ya Kilimanjaro, hoteli iliyofunguliwa 1965 mbele ya bandari ya Dar es Salaam, zikawa vituo vya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wanadiplomasia, waandishi na wasikilizaji wa kazi maalumu. Habari nyingi za miaka hiyo zilipita mezani kabla ya kufika gazetini. Africa House, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ikawa mali ya umma na ikapata jina ambalo wanachama wake wa kwanza wasingelikubali. Halafu serikali yenyewe ikaingia kwenye ujenzi. Shirika la utalii la taifa likajenga na kuendesha Kunduchi Beach na Bahari Beach, na Zanzibar ikafungua Bwawani mwaka 1974. Ni katika kipindi hicho, mwaka 1970, ndipo vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipouliza kupitia magazeti swali ambalo halijajibiwa vizuri hadi leo: nchi ya kijamaa inajenga hoteli za ufukweni kwa ajili ya nani? Upande mmoja ulisema utalii huzaa utumishi wa kunyenyekea. Upande mwingine ulijibu kwamba fedha za kigeni zinahitajika, na mtalii ndiye anayezileta. Mjadala huo ulichapwa kitabu mwaka 1973, ukihaririwa na Issa Shivji. Ukiusoma leo unaona pande zote mbili zilikubaliana jambo moja bila kulisema, kwamba hoteli ya ufukweni ni ya mgeni. Waligombana kuhusu faida na hasara ya mgeni huyo tu. Hakuna aliyeuliza kama fundi wa bandari au mwalimu wa shule ya msingi angeweza kuketi Kunduchi saa kumi na mbili jioni na soda moja.

Sasa turudi ziwani. Kwa nini Musoma haikupata jengo kama Kaiserhof? Reli ni sababu ya kwanza. Ilifika Kisumu 1901 na Mwanza 1928. Ile ya kutoka Tanga na Arusha hadi Musoma imekaa kwenye mipango kwa miongo mingi bila taruma hata moja kulazwa mjini. Musoma ilikuwa bandari ya kupita. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi 1961 baada ya kuunganishwa Kisumu kutokana na vipande vilivyotengenezwa Scotland, iliihesabu Musoma miongoni mwa vituo vya mzunguko wake, lakini abiria wa meli ana kitanda chake melini. Dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Butiama, ilipita mjini bila kuacha jengo la fahari. Kisha ziwa lenyewe likaingilia. Mvua za mwishoni mwa 1961 na miaka iliyofuata ziliinua maji ya Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2, na kufikia 1964 kilichokuwa ufukwe miaka mitatu nyuma kilikuwa chini ya maji. Bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na mjenzi huzijua bamvua zake. Ziwa hukaa tuli miaka mingi, likamzoesha mtu, halafu likasogea. Mji wa ziwani hauwezi kuwa na hoteli ya miaka mia mguuni pa maji kwa urahisi ambao mji wa bahari unaweza.

Siasa ikamalizia. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na sheria ya 1971 ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, jambo lililowagusa zaidi wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia, ambao katika miji ya ziwani ndio waliokuwa na mtaji wa kujenga kwa mawe na saruji. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, na njia ya Sirari ambayo ingeweza kuleta wageni wa Nairobi ikakaa kimya. Shirika la utalii nalo, lilipojenga huku kwetu, lilijenga ndani ya Serengeti, Seronera na Lobo, kwenye majabali na karibu na simba. Serikali ilimpeleka mgeni porini na kuuacha mwambao wa ziwa bila mpango wowote wa kitalii. Mwaka ule ule ambao Zanzibar ilifungua Bwawani, jina la Musoma liliingia kwenye historia ya taifa kwa njia nyingine kabisa: Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa na kupitisha Azimio la Musoma, lililoagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977. Mji mmoja ukapata hoteli, mwingine ukapata azimio. Sitaki kulisukuma mbali zaidi jambo hili, ingawa linavutia.

Kutokana na upungufu wote huo kikatokea kitu ambacho hakikupangwa. Baada ya Azimio la Zanzibar la 1991 kulegeza masharti ya uongozi, watu wenye fedha za kiasi, za samaki, za mabasi, za kiinua mgongo, walianza kujenga kando ya maji. Ramani ya fukwe za Musoma ukiitembea kwa miguu haichoshi. Mwigobero ni soko na mwalo kwa pamoja, mitumbwi imelala ubavu, dagaa wameanikwa, na vibanda vya vinywaji vinachungulia ziwa katikati ya shughuli. Kuelekea Makoko, ambako wamisionari wa Maryknoll waliwafundisha wenzao Kiswahili kwa miaka mingi, kuna Peninsula. Tembo Beach iko kwenye mchanga wake, na kwenye ncha ya rasi kuna Matvilla, mawe makubwa ya mviringo yaliyosimama nusu nchi kavu, nusu majini. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoweza kudai umri wa Africa House. Lakini tazama nani anakaa. Meza moja ina watumishi wa halmashauri walioacha mafaili ofisini, ya pili ina mafundi wa pikipiki, ya tatu ina familia inayosherehekea kipaimara kwa soda na sato wa kuchoma na ndizi, na kwenye jiwe la mwisho wamekaa wanafunzi wawili wasionunua chochote. Bei ya kiti ni kinywaji kimoja, na mara nyingi hata hicho hakidaiwi haraka. Mhudumu anauliza swali la Tanzania nzima, baridi au ya moto, swali linalomshangaza kila mgeni na ambalo asili yake ni miji iliyojifunza kunywa bia kabla ya kupata friji za kutosha.

Mwenye kutafuta taasisi kwenye barabara kuu atakuta kitu kingine. Bunda ni mji wa safari, kati ya Mwanza na Musoma, na lango la Ndabaka la Serengeti haliko mbali. Baa zake zinatazama lami, na saa zake ni za madereva. Wilaya ina ufukwe mrefu kwenye Ghuba ya Speke, ila mialo kama Guta ni mahali pa kazi, pa nyavu na karabai, na biashara ya vinywaji pale hufuata mwezi: mwanga wa mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliwi, wavuvi wanapumzika, kreti zinaisha. Kijiji cha Butiama hakina ziwa wala hakihitaji kuingizwa kwa nguvu kwenye habari za fukwe. Nakitaja kwa sababu moja. Kule Mwitongo, kwenye makazi ya Chifu Nyerere Burito na baadaye ya mwanawe, Mwalimu Nyerere, kuna umbo la zamani zaidi la kitu tunachokizungumzia, yaani watu kukaa nje jioni mahali panapojulikana, kila mmoja akijua nafasi yake. Wageni wa makumbusho ya Mwalimu huelezwa alivyopenda bao. Bao huchezwa na wawili, lakini kazi yake ya kijamii iko kwa wale wanaosimama pembeni wakikosoa. Kwa Wakurya wa kaskazini, wazee waliozunguka chungu cha amarwa, kila mmoja na mrija wake, walikuwa na utaratibu huo huo. Baa ya ufukweni haikuuondoa utaratibu huu, iliuondolea tu sharti la ukoo na la umri.

Pingamizi lenye nguvu la kwanza ni la wanahistoria. Taasisi, watasema, huhitaji mwendelezo: jina, jengo, kumbukumbu za maandishi. Baa inayobadilisha mwenyewe kila miaka sita na kupakwa rangi ya kampuni ya bia iliyotoa ofa nzuri zaidi haiwezi kuwa taasisi. Nakubali sehemu ya maandishi, na ni hasara kubwa; daftari la madeni la kaunta moja ya Musoma lingetufundisha uchumi wa mkoa kuliko ripoti nyingi. Lakini jaribu kipimo hicho kwa Africa House yenyewe. Tangu 1888 imekuwa klabu ya Waingereza, ikawa mali ya serikali ya Mapinduzi, ikaporomoka, ikakarabatiwa kuwa hoteli ya watalii. Jina limebadilika, mwenye mali amebadilika, na wakaaji wamebadilika zaidi ya mara moja. Kilichoendelea ni roshani kutazama magharibi na watu kupanda ngazi saa fulani ya jioni. Ikiwa mazoea hayo ndiyo mwendelezo wa Shangani, ni mwendelezo wa Matvilla pia. Huwezi kuukubali ushahidi huo kwa jengo la mawe na kuukataa kwa jabali.

Pingamizi la pili ni la maadili, na halijibiwi kwa utani. Pombe imevunja nyumba nyingi Mara, gongo imeua, mishahara ya siku ya malipo imeishia mezani huku ada za shule zikisubiri. Na haki ya kukaa ninayoisifu ilichelewa kumfikia mwanamke. Kwa miaka mingi mwanamke aliyeonekana baa alihesabiwa kuwa mhudumu au mwenye tabia mbaya, na mhudumu mwenyewe, anayesimama kuanzia alasiri hadi usiku wa manane, ndiye mtu pekee pale ambaye hajawahi kulitazama jua likizama hadi mwisho. Makala ya kumbukumbu yanayoliruka hilo yangekuwa tangazo la bia. Ila ushahidi wa Unguja unatusaidia kutenganisha mambo mawili. Umbali mfupi kwa miguu kutoka Africa House kuna bustani ya Forodhani, inayotazama maji yale yale na jua lile lile, bila kileo hata kimoja. Wanawake wenye mabuibui, watoto, wazee wa kahawa, wauza juisi ya miwa, wote wanakaa. Forodhani inaonyesha kwamba kinachowaleta watu kwenye mwambao wa magharibi ni kukaa, na bia ni kodi tu ambayo miji mingine imeiweka kwenye kiti. Musoma inaitoza kodi hiyo kwa upole. Kama ingeweza kuifuta kabisa katika sehemu moja ya rasi, kwa bustani ya umma yenye mabenchi, ingekuwa imeishinda hata Forodhani, kwa kuwa ingekuwa na machweo ya dakika ishirini za ziada.

Pingamizi la tatu linatoka kwa watu wanaokubaliana nami, na ndilo linalonisumbua. Wanasema kila baa ya ufukweni, hata ya plastiki, ni hatua ya kwanza ya kuufunga ufukwe. Leo viti, kesho uzio wa michongoma, keshokutwa geti na mlinzi anayeuliza unakwenda kwa nani. Fukwe nyingi za kaskazini na mashariki mwa Unguja zimekuwa vipande vya hoteli ambavyo mvuvi huvizunguka ili afike kwenye ngalawa yake. Ni kweli, na hakuna tabia ya asili ya watu wa Mara inayowakinga na hilo. Ardhi ya rasi ni ndogo, na fedha za madini ya Tarime na za minofu ya sangara zinatafuta pa kukaa. Kinachowakinga kwa sasa ni vitu viwili. Cha kwanza ni sheria ya mazingira ya 2004, ambayo katika kifungu cha 57 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji ya bahari, ziwa na mto. Cha pili ni ziwa, ambalo halikusoma sheria hiyo lakini huitekeleza. Mei 2020 kipimo cha maji kule Jinja kilipita kidogo hata kile cha 1964, na kuzunguka ziwa lote, Uganda, Kenya na Tanzania, majengo yaliyosogezwa karibu mno na maji yalipata wageni wasiolipa.

Hapo ndipo ufukara wa Musoma ulipoonekana kuwa aina ya busara, hata kama hakuna aliyeupanga. Hoteli yenye ukuta wa mawe mbele ya maji hungoja ziwa lirudi, na ziwa linaweza kungoja miaka. Baa ya viti vya plastiki huamka asubuhi, ikaona maji yamefika kwenye meza ya pili, ikabeba meza na viti hatua kumi juu, ikachomeka mwavuli upya na kufungua saa kumi kama kawaida, wakaaji wale wale, wakitazama upande ule ule. Kuhusu mita 60, sheria inazungumzia shughuli za kudumu, na kiti cha plastiki hakijawahi kudai kudumu.